Harusi ya Figo

Nimesoma ujumbe wote mlioniletea hapa gazetini. Wengi mnasema nimvumilie mama mkwe, ati mzazi ni mzazi, na mwanamke aliyepewa figo na mumewe hana haki ya kulalamika. Mmoja wenu ameniita mwizi wa viungo. Asante sana. Leo kaeni kitako mnisikilize, halafu mtaniambia mwizi ni nani.

Kwa wewe unayenisoma leo kwa mara ya kwanza, mambo ni haya. Naitwa Gatwiri. Nimezaliwa Meru, nimeolewa Kanja, kule Embu. Mafigo yangu yalikufa yote mawili, na kwa miaka miwili nikawa mtu wa kufungwa kwenye mashine ya kusafisha damu mara mbili kwa wiki. Mume wangu Nyaga akajitolea. Akapimwa, akapasuliwa, akanipa figo lake la kushoto.

Tuliporudi nyumbani, mama yake, Eunice, akahamia jikoni kwangu kulinda anachokiita "figo la mwanangu". Mara ya mwisho niliwaambia jinsi alivyoninyang'anya kikapu cha kahawa mbele ya vibarua, akisema nikiinama tena nitaliponda.

Sasa tuendelee, na msinikatize.

Kesho yake tulikuwa na kliniki mjini Embu. Mama mkwe akasema lazima aje, akasikie kwa masikio yake. Tukaenda watatu. Muuguzi wetu ni kijana anaitwa Muriithi, mpole, mtu wa kueleza jambo mpaka lieleweke. Mama mkwe alimuuliza kwa nini nameza dawa kila asubuhi na jioni na hali nimeshapona.

"Mama, mwili una askari wake," Muriithi akamwambia. "Wakiona kitu ambacho si chao, wanakipiga. Hizi dawa zinalaza hao askari ili wasimguse mgeni."

"Mgeni ni nani?"

"Ni figo, mama."

"Figo la Nyaga?"

"Ndiyo. Kwa mwili wake litakuwa mgeni siku zote. Ndiyo maana dawa ni za maisha."

Muriithi hakuwa na ubaya. Alikuwa anafanya kazi yake. Lakini mimi nilimwona Nyaga. Aliinamisha kichwa akaangalia viatu vyake, na hakukiinua mpaka tulipotoka.

Niwaeleze kidogo huyu mume wangu. Ni karani wa kiwanda cha kahawa. Tangu apasuliwe amekatazwa kubeba magunia, na wanaume wa pale wamempa jina. Wanamwita Nusu. Nyumbani alikuwa ananisimulia huku anacheka, nami nacheka naye. Lile neno mgeni halikumchekesha hata kidogo.

Tulipofika nyumbani mama mkwe alivua viatu, akakaa, akasema, "Miaka kumi na moja mwanangu anaishi na wewe, na bado ni mgeni ndani yako."

Nikamwambia Muriithi hakumaanisha hivyo. Hakunisikiliza. Alikuwa ameshapata sababu yake. Ruracio, yaani mambo ya mahari, ilifanyika, wazee wakala wakanywa, lakini kanisani hatukuwahi kwenda. Tulisema mwaka ujao, mwaka ujao, kama nusu ya kijiji. Basi kwa mama mkwe hapo ndipo penye ugonjwa.

"Mliunganishwa na wazee, hamkuunganishwa na Mungu," akasema. "Watu wakifunga harusi wanakuwa mwili mmoja. Mwili mmoja hauna mgeni. Hao askari watampiga nani?"

Nilicheka. Nikamwangalia Nyaga acheke na mimi. Hakucheka.

Mchungaji Njoka alikuwa amepanga harusi ya pamoja mwisho wa mwezi, wanaume sita waliokaa na wake zao miaka mingi bila kufunga ndoa kanisani. Sisi tukawa wa saba. Nimtendee haki mchungaji: hakusema hata siku moja niache dawa. Hakuna aliyemuuliza.

Mtaniuliza kwa nini nilikubali. Nilikubali kwa sababu nilikuwa nimechoka kugombana ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Na kusema kweli, nilitaka gauni. Mwanamke akikaa miaka miwili amelala na mipira mwilini, anaweza kutaka kuvaa nyeupe siku moja.

Sasa nije kwa kosa langu, maana niliahidi kuwaambia yote.

Wiki hiyo binti yetu Rwamba alikuwa na mafua. Ana miaka saba, amepewa jina la kienyeji la nyanya yake Eunice, anayemwita Cucu. Sheria ya nyumba yetu ni kwamba akiwa na mafua hanikaribii, maana askari wangu wamelazwa. Anasimama mlangoni, mimi nakaa dirishani na barakoa yangu, tunaongea kama watu wanaotembeleana gerezani. Sijazoea. Sitazoea.

Siku hiyo akaniuliza, "Cucu anasema mkifunga harusi utaacha dawa. Sasa utanikumbatia hata nikiwa na mafua?"

Mngemwambia nini nyinyi? Nikaitikia kwa kichwa. Ndiyo, mama. Nitakukumbatia.

Nyaga alikuwa nyuma yake, ameshika kisanduku changu cha dawa. Nilimjibu mtoto. Sikumjibu baba yake. Lakini yeye ndiye aliyebeba lile jibu akaenda nalo.

Kile kisanduku nacho kina habari yake. Miezi ya kwanza dawa zilinitetemesha mikono mpaka kapsuli zikawa zinanimwagikia sakafuni. Nyaga akachukua hiyo kazi. Kila Jumapili baada ya chakula ananawa mikono kwa sabuni, anakaa mezani, anajaza vyumba saba vya asubuhi na vyumba saba vya jioni, kapsuli mbili mbili. Hakuwahi kukosea. Nilimpenda kwa kazi hiyo kuliko hata kwa figo lenyewe.

Jumapili ya kwanza tangazo la ndoa yetu likasomwa. Jumapili ya pili likasomwa. Wiki hiyo mikono yangu ikaacha kutetemeka.

Mama mkwe alikuwa anatafuta mtu wa kumtungia uzi kwenye sindano. Nikaitwaa, nikapitisha mara moja. Miezi minane nilikuwa siwezi. Jumapili iliyofuata, tangazo la tatu lilipokwisha kusomwa, nikasimama kanisani nikatoa ushuhuda. Nikawanyooshea mikono waione. Akina mama wakapiga vigelegele, Nyaga akalia mbele ya watu.

Sasa ndiyo najua alikuwa analilia nini. Wakati ule nilidhani ni furaha ya mume.

Jumamosi ya harusi ikafika. Dada yangu Kendi alikuwa ametoka Meru na gauni. Kufika saa moja na nusu asubuhi nilikuwa nimeshavaa, ananifunga vifungo vya mgongoni. Nyaga ametangulia kanisani. Jikoni mama mkwe na wenzake wanamenya viazi, pilau iko motoni, nyumba imejaa watu ambao sikuruhusiwa kuwapa mkono.

Simu ikalia. Ni Muriithi.

"Mama Rwamba, samahani kwa kukupigia Jumamosi. Majibu ya damu ya Jumatano yamerudi. Dawa haionekani kwa damu yako."

"Imepungua?"

"Haionekani kabisa. Na figo limeanza kuumia. Umekuwa ukimeza?"

"Kila siku. Saa mbili asubuhi na saa mbili usiku."

"Basi unameza nini?"

Nikakifungua kisanduku, chumba cha Jumamosi asubuhi. Kapsuli mbili, rangi ile ile, maandishi yale yale. Nikaivuta moja ikatoka vipande viwili. Kilichomwagika mkononi mwangu kilikuwa cha rangi ya udongo. Nikakiweka kwenye ulimi.

Unga wa wimbi.

Wimbi letu wenyewe. Naujua utamu wake, ndio mama mkwe anatupikia uji kila siku ya Mungu. Kendi alinitazama usoni akaacha vifungo.

Muriithi alikuwa bado kwenye simu. Akaniambia nitafute dawa halisi nimeze sasa hivi, halafu niende Embu bila kupitia popote, wanilaze wanitundikie dawa ya mshipa. Nikamuuliza kama figo litapona. Akasema, "Njoo kwanza." Mtu akikwambia njoo kwanza, ujue hajui.

Nilitoka na gauni lile, mgongo wazi, nikaingia jikoni. Nilikimwaga kile kisanduku juu ya viazi vyao. Yale niliyomwambia mama mkwe mbele ya akina mama wa kanisa siwezi kuyaandika yote gazetini. Nilimwita mchawi. Nilimwambia amenisaga pamoja na wimbi lake. Nilimwambia kama alitaka figo la mwanawe angeomba kisu, si kuniua polepole kama panya.

Mama mkwe akaweka kisu chini. Akaokota kapsuli moja, akaisogeza karibu na jicho, akaisogeza mbali.

"Gatwiri," akasema, "mimi nikitaka kukunyima dawa nitakunyima ukiniona. Tangu uje hapa, umewahi kuniona nikijificha?"

Sikuwahi. Huyo mama ameninyang'anya kikapu, ameninyang'anya jembe, hata kitoweo, yote mchana, watu wakiangalia.

"Tena na macho haya. Uzi unanitungia wewe. Hivi vitu vidogo nitavifungua aje?"

Yeye akaendelea, "Nani anajaza hicho kisanduku?"

Na nilimwona akilisikia swali lake mwenyewe. Uso ulimshuka. Akakaa kwenye kigoda kama mtu aliyesukumwa.

Mimi nilikuwa tayari nakimbia chumbani. Kwenye droo tunaweka chupa nne ambazo hazijafunguliwa, akiba ya miezi miwili. Droo ilikuwa tupu. Nikarudi jikoni nikauliza ziko wapi, nikiwa nimeshaanza kujua.

"Jana alizipeleka kanisani," mama mkwe akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo, sijawahi kuisikia hivyo. "Za kuweka kwenye meza ya shukrani. Aliniambia ni chupa tupu."

Gari la harusi lilikuwa limeenda kuleta watu wa Meru walioharibikiwa njiani. Sikulingoja. Nilikunja gauni mpaka magotini nikapanda bodaboda ya jirani. Nyuma yangu nikasikia nyingine ikiwashwa. Ni mama mkwe, na aproni yake ya jikoni.

Kanisa lilikuwa limejaa pomoni. Watu waliponiona mlangoni wakadhani bibi harusi ameshikwa na haraka ya ndoa, wakapiga vigelegele, na kwaya ikaanza kuimba wakati si wake. Nilipita katikati yao. Sikumwangalia mtu.

Meza ya shukrani ilikuwa mbele, kitambaa cheupe, mikungu ya ndizi, mahindi, kuku amefungwa miguu. Katikati zimepangwa chupa zangu nne. Zimejaa. Hazikuwa hata na mkwaruzo kwenye mfuniko.

Nikachukua moja. Mchungaji Njoka akanijia akaniambia polepole kwamba ushuhuda utakuja baada ya viapo. Nikamwambia naomba maji ya kunywa. Ilikuwa saa tatu kasoro dakika kumi. Nilikuwa nimechelewa dakika hamsini na wiki mbili.

Nyaga akatoka kwenye mstari wa mabwana harusi. Suti mpya, ua kifuani.

"Gatwiri, weka chini," akasema. "Baada ya leo huzihitaji."

Alitaka kunong'ona, lakini mchungaji alikuwa na kipaza sauti mkononi, na kanisa zima likasikia.

"Nani amesema sizihitaji?"

"Wewe. Ulimwambia Rwamba. Nilikuona kwa macho yangu."

"Kapsuli hamsini na sita, Nyaga. Ulizijazia wapi?"

"Kiwandani. Kwenye chumba cha mizani. Nilinawa mikono kila mara."

Hapo ndipo nilipopandwa na hasira ambayo haijashuka mpaka leo ninapoandika. Angesema alilewa, ningeelewa. Angesema alinichukia, ningeelewa pia. Huyu mtu alinawa mikono kwa sabuni, akakaa, akafungua kapsuli moja moja, akamwaga uhai wangu, akajaza unga wa uji, akazifunga vizuri zisivuje, halafu asubuhi akaja akaniletea na glasi ya maji. Na akaniuliza, nimelala salama?

"Ulikuwa unaniua," nikamwambia. "Unaniua ukiwa umenawa mikono."

"Mimi nilikupa figo! Mtu atakupa figo halafu akuue?" Machozi yalikuwa yanamtoka. "Umeona mikono yako imetulia. Umesimama hapa ukasema. Nilitaka tu hao askari wakiamka wanikute nyumbani, si mgeni. Miaka kumi na moja, Gatwiri. Mimi ni mgeni wa nani?"

Kuna mwanamke alianza kulia kule nyuma. Nawajua baadhi yenu hata sasa mnamwonea huruma. Mimi pia nilimwonea. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi, kwamba nilikuwa nimesimama pale nakufa na bado namwonea huruma.

Nikavunja mfuniko wa chupa. Mkono ukaja upande wangu ukinipa glasi ya maji. Nikageuka. Alikuwa mama mkwe, anahema, aproni ina maganda ya viazi.

"Meza," akasema.

Nikaweka kapsuli mbili mdomoni mbele ya mchungaji, mbele ya mabwana harusi saba na mabibi harusi sita, mbele ya Kanja nzima. Nikameza. Kwa vile hakuna aliyekuwa ameniuliza kama ninakubali au ninakataa, watu walichukua lile kuwa ndilo jibu. Hata Nyaga.

Alinitazama kama mtu aliyetemewa mate. Halafu akavua koti akalitupa chini. Akachomoa shati kwenye suruali, akaliinua mpaka kifuani, na kovu lake likaonekana, lile kovu ambalo kwa miezi minane nimelipaka mafuta kwa mkono wangu.

"Haya," akasema, na sasa hakuwa akinong'ona. "Kama ni mgeni, nirudishie."

Mchungaji akamshika bega. Nyaga akamsukuma. Mama mkwe akamwita kwa jina lake la utotoni. Hakugeuka.

"Nirudishie figo langu, Gatwiri. Hapa hapa."

Chini ya gauni, upande wa kulia, pale walipolishonea, nikasikia maumivu yameanza. Si ya hofu. Nayajua maumivu ya hofu. Haya yalikuwa mapya, mazito, yanakuja yakienda. Muriithi alikuwa amesema nisipitie popote.

Mwanamke mwenye akili angeshika njia akaenda hospitali. Nakiri kwamba sikuwa na akili saa hiyo. Nilikuwa na hasira tu.

Nikamwambia aje alichukue.

Naye Nyaga akasogeza meza ya shukrani kwa goti, chupa tatu zikaanguka, akaanza kuja.